Kipokezi Ndani ya Chipu: Istilahi za Redio ya FM na Lugha ya Mafundi wa Mombasa Bara

Utangulizi

Abiria anayesubiri feri upande wa Likoni huku ametia waya masikioni, mlinzi wa usiku wa Changamwe aliyekiegemeza kijiredio chake kwenye mguu wa kiti, na muuza mboga wa soko la Kongowea huko Nyali anayefuatilia taarifa ya habari kwenye simu ndogo ya vitufe, wote watatu wanatumia kitu kimoja wasichokiona. Ni kipande cha silikoni kidogo kuliko ukucha wa mtoto, nacho peke yake ni redio karibu nzima. Hupokea mawimbi, huchagua kituo kimoja miongoni mwa vingi, hutoa sauti, na hufanya yote hayo kwa umeme mchache wa betri.

Istilahi za kompyuta zimepata wa kuzitetea. Itakumbukwa kuwa mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza na mtumiaji kwa Kiswahili. Redio haikubahatika hivyo. Ilikuwa imekwisha zoeleka, na jambo lililozoeleka halimsumbui mwanaisimu. Makala haya yanauliza swali moja: kifaa kinapopoteza viungo vyake vinavyoonekana, majina ya viungo hivyo huenda wapi? Hoja inayotetewa ni kwamba Kiswahili kinaweza kuieleza chipu ya FM kwa kutaja kazi zake, maana unyambulishaji wa vitenzi umekipa nyenzo za kutosha. Hata hivyo, jina linalotokana na kazi halina budi kupimwa kwa kazi yenyewe. Likipotoka hapo, humpotosha mwanafunzi kuliko neno la kukopa lisilomwambia chochote.

Lugha ya kibandani

Mazungumzo katika kibanda cha fundi wa redio, kiwe cha Likoni, Mlaleo au Magongo, kwa kawaida huchukua sura kama hii:

– Fundi, redio yangu yakoroma tu, haishiki.
– Tangu lini, mama?
– Tangu juzi. Na makaa nimetia mapya.
– Hii ni ya aisii moja, mama. Ikifa hii, redio imekwisha.

Mistari hiyo minne ina mengi ya kumfaa mwanafunzi wa isimu. Mteja hakutaja kiungo hata kimoja isipokuwa makaa, yaani betri, ambazo wengine huziita mawe. Amesema kwa vitenzi. Redio hushika au haishiki, hukoroma, hukwaruza, steshini huhama au huingiliana, redio mbovu hula makaa. Kila kitenzi kati ya hivyo ni utambuzi wa hitilafu mahususi, na fundi mzoefu huanza kazi hapo. Redio inayokoroma bila kushika ina uhai katika sehemu ya sauti lakini haipati mawimbi. Ile ambayo steshini zake zinahama ina tatizo la kudumisha mtetemo wake wa ndani. Inayokula makaa pengine ina njia inayovujisha umeme hata inapokuwa imezimwa.

Fundi naye alikuwa na nomino za kujibu vitenzi hivyo: koili, kapasita, transista, eriali, spika, sindano ya kuonyesha steshini, na uzi mwembamba ulioivuta sindano hiyo. Nyingi ni za kukopa, lakini zilikopwa pamoja na vitu vyenyewe, na mwanagenzi alijifunza neno na kitu kwa mkono mmoja. Sasa akiifungua redio ya bei nafuu hukuta kibao kitupu kitupu, spika, na pengine tone jeusi la gundi gumu lililoifunika chipu. Nomino zake zote zimezama mle. Imebaki moja tu, aisii, nayo haielezi lolote. Ndiyo maana jibu la fundi katika mazungumzo hayo ni la msiba: ikifa, imekwisha. Anayesoma hali hii kama suala la ufundi pekee anakosea. Aliyekuwa na msamiati wa kumweleza mteja ubovu amebaki na neno la kumwarifu kifo.

Udi na kifumbu

Ili kupima uwezo wa Kiswahili, inafaa kuieleza kazi ya chipu hiyo kwa Kiswahili chenyewe. Sauti ya FM haisafirishwi kwa kuongeza na kupunguza nguvu ya wimbi, bali kwa kuharakisha na kupunguza kasi ya mitetemo yake. Mmarekani Edwin Armstrong alipata hataza za mfumo huu mwaka 1933. Kituo kama Baraka FM, kinachosikika Mombasa kwenye 95.5, hutuma wimbi linalotetema kiasi cha mara milioni 95 na nusu kwa sekunde, na sauti ya mtangazaji hulifanya lizidi au lipungue kidogo tu, mitetemo isiyozidi 75,000 kila upande.

Mitetemo ya kasi hiyo haichujiki kwa urahisi. Redio za kale zilitumia hila inayofahamika kwa yeyote aliyewahi kumwona mpiga udi akitengeneza nyuzi zake kabla ya taarabu kuanza. Nyuzi mbili zinapokaribiana sauti bila kulingana, husikika wimbi la tatu, la polepole, linalopanda na kushuka. Nalo ni tofauti ya zile mbili. Redio nayo huzalisha mtetemo wake wa ndani, huuchanganya na ule uliotoka kwenye eriali, na kushughulikia tofauti yao. Katika redio nyingi za FM tofauti hiyo ilikuwa megahezi 10.7. Kuishika 95.5, redio ilitetema ndani yake kwa 106.2. Baada ya hapo tofauti ilipitishwa kwenye kichujio, kama tui linavyopitishwa kwenye kifumbu: kituo kinachotakiwa hupita, vingine hubaki na chicha.

Tatizo lilikuwa kwamba vichujio vya 10.7 vilihitaji koili au vipande vya kauri, na koili haziingii kwa urahisi ndani ya silikoni. Ziliwekwa nje, moja moja, kisha fundi akazirekebisha kwa bisibisi ya plastiki hadi sauti ikasafika. Mwaka 1983 kampuni ya Philips ya Uholanzi ilitoa chipu iliyoitwa TDA7000, na ufumbuzi wake ulikuwa wa kijasiri. Tofauti ilishushwa kutoka megahezi 10.7 hadi kilohezi 70. Kwa 95.5, mtetemo wa ndani sasa ni 95.43 tu. Tofauti ndogo kiasi hicho huweza kuchujwa kwa kapasita na vipinzani vya umeme pamoja na vikuzaji, na vitu hivyo vinajengeka kwenye silikoni au kuning'inizwa kando yake bila kurekebishwa.

Hapo likazuka tatizo jingine, na hapo ndipo ustadi wa wabunifu hao ulipo. Sauti ya mtangazaji huliyumbisha wimbi kwa kilohezi 75 kila upande. Vipi myumbo wa 75 utaingia katika tofauti ya 70? Ungeivuka sifuri na kuiharibu sauti. Wabunifu waliufanya mtetemo wa ndani ulifuate wimbi linaloingia, uyumbe nalo, kama mtu anayetembea bega kwa bega na mlevi. Myumbo ukabaki kilohezi 15 tu. Chipu hiyo ya miguu 18 ilitumia takriban miliampia 8 kwa betri za volti 4.5, yaani makaa matatu ya kawaida.

Zilizofuata zilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2005 Silicon Laboratories ya Marekani ilileta Si4700, ambayo huigeuza tofauti hiyo kuwa tarakimu na kuifanyia hesabu badala ya kuichuja kwa vitu. Kampuni ya RDA ya Shanghai ilitoa RDA5807 kwa bei ya chini sana, nayo imeenea katika redio ndogo za kichina. Chipu hizi hazina sindano wala uzi. Huambiwa namba ya kituo kupitia nyaya mbili za mawasiliano, na hulinganisha mtetemo wao na fuwele ndogo inayotetema mara 32,768 kwa sekunde, aina ileile inayotumika katika saa za mkono. Ndiyo sababu steshini zao hazihami. Kitenzi kuhama, kilichokuwa ubovu wa kila siku, kinaelekea kukosa cha kutaja.

Msomaji ataona kuwa maelezo haya yote yameendeshwa kwa vitenzi vya nyumbani: kupokea, kutetema, kuchanganya, kuchuja, kukuza, kufuata. Kutokana navyo twapata kipokezi, kitetemeshi, kichanganyio, kichujio na kikuzaji. Si vyote vimo katika kamusi, lakini hakuna kinachomtoa jasho msikilizaji. Jambo la kujadiliwa na wanamofolojia ni viambishi tamati. Kichujio kina -io ya ala, kitu cha kuchujia. Kipokezi kina -zi ya mtendaji. Je, chipu ni ala au ni mtenda? Koili ilikuwa ala, maana mkono wa fundi ndio ulioitendesha. Chipu inayojitafutia kituo na kujirekebisha yenyewe inaelekea zaidi kwenye mtendaji, na hivyo kipokezi ni bora kuliko kipokeo.

Masafa yapi?

Ubora wa njia hii usimfumbe mtu macho. Kiswahili tayari kina majina ya kazi yaliyokwenda kombo katika uwanja huuhuu wa redio. Kipaza sauti hutumiwa kwa chombo anachosemea msemaji na pia kwa kile kinachotoa sauti upande wa pili, ilhali cha kwanza hakipazi chochote: huigeuza sauti kuwa umeme. Mwanafunzi wa fizikia aliyekariri jina hilo atalazimika kulisahau kwanza ndipo aelewe somo.

Mfano mzito zaidi ni masafa. Neno hili la asili ya Kiarabu lina maana ya umbali baina ya mahali na mahali. Watangazaji walilitumia katika masafa mafupi, masafa ya kati na masafa marefu, wakikusudia urefu wa wimbi. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilipoanza mwaka 1957, sauti kutoka London iliufikia mwambao kwa masafa mafupi. Msikilizaji makini wa Likoni angeweza kuuliza: kama haya ni mafupi, marefu yangefika wapi? Mawimbi hayo ya mita 25, 31 au 49 husafiri maelfu ya kilomita kwa kurudishwa na tabaka za juu za anga. Wimbi la FM lina urefu wa takriban mita 3, yaani ni fupi kuliko hayo yaitwayo mafupi, lakini haliitwi masafa mafupi hata kidogo. Nalo, kinyume chake, halifiki mbali. Huishia kiasi cha upeo wa macho wa mnara wake. Juu ya hayo, neno lilelile sasa hutumiwa kwa namba ya kituo, na mtangazaji husema masafa ya 95.5, ambapo namba inapokuwa kubwa wimbi ndilo hupungua urefu. Neno moja limebeba umbali, urefu wa wimbi na wingi wa mitetemo. Wanafizikia wana marudio kwa maana hii ya tatu, na mwalimu anayetaka kueleweka alitumie, hata kama redioni masafa yataendelea kutawala.

Ndiyo maana kipimo cha kazi ni muhimu. Simu ya upepo, jina la zamani la mawasiliano yasiyo na waya, lilikuwa zuri masikioni, ila upepo haukuhusika. Simu yenyewe ni neno la Kiajemi lenye maana ya waya. Kwa hiyo waliolibuni jina hilo walisema, bila kukusudia, waya wa upepo. Kwa bahati njema, simu ndogo za leo zimewapa haki upande mmoja. Simu nyingi zenye FM hazishiki bila waya wa masikioni kuchomekwa, kwa sababu waya huo ndio eriali yao: robo ya wimbi la mita 3 ni kama sentimita 75, na waya wa masikioni unakaribiana na kipimo hicho.

Kibanzi

Limebaki jina la kitu chenyewe. Utaratibu unaofundishwa, na ambao BAKITA imeutilia mkazo, ni kuanza na Kiswahili na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu na za Kiafrika, kabla ya kukopa mbali. Anayeufuata ataliona neno kibanzi, kipande chembamba kilichobanduka, ambalo kimaana linalingana na chipu barabara. Kwa bahati mbaya wapishi walifika kwanza. Nchini Kenya vibanzi ni viazi vya kukaanga, na mteja anayeambiwa kuwa redio yake ina kibanzi kibovu ana haki ya kucheka. Chipu nayo haijakaa mbali na chipsi, lakini umoja wake umeinusuru: hakuna anayeagiza chipu moja. Makala haya yanaipendelea chipu kwa kitu, na kipokezi kwa kazi. Chipu ya kipokezi pale vyote viwili vinapohitajika. Aisii ya mafundi isibezwe, lakini kazi yake ibaki kibandani.

Makaa

Mjadala huu ungekuwa wa darasani tu kama usingekuwa na uzito maishani. Miaka ya makaa makubwa ya Eveready, ambayo kiwanda chake cha Nakuru kilifungwa mwaka 2014, watu waliyaanika juani ili yatoe saa chache zaidi. Kiasi cha umeme kinachotumiwa na redio kilikuwa suala la jikoni: makaa au sukari. Hata leo hesabu hiyo inafaa kufanywa. Chipu ya aina ya RDA5807 hutumia takriban miliampia 20. Betri ya simu ya BL-5C, ambayo redio nyingi ndogo huitumia pia, ina miliampia-saa 1,020. Ukigawa, kipokezi peke yake kingefanya kazi saa 51, zaidi ya siku mbili mchana na usiku. Lakini spika ndogo ikisukumwa kwa nusu wati huvuta kama miliampia 135 kwa volti 3.7, na betri ileile huisha baada ya saa sita na ushei. Anayelaumu chipu kwa kula makaa amemshtaki asiyehusika. Mlaji ni spika. Waya wa masikioni huokoa zaidi kuliko chipu yoyote mpya.

Mwaka 2020 shule za Kenya zilipofungwa kuanzia mwezi wa Machi kwa sababu ya Korona, vipindi vya masomo vilirushwa redioni, na nyumba isiyo na bando wala runinga ilitegemea kipokezi cha betri. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima kwa saa nyingi. FM haikatizwi na kukosa bando, wala haihitaji stima ya nyumbani. Hata hivyo, simu nyingi za kisasa za bei kubwa hazina redio. Baadhi yake zina kipokezi ndani ya chipu ileile ya Wi-Fi na Bluetooth, ila mtengenezaji hakukiunganisha na eriali. Mwenye simu ya elfu nyingi hulipia data ili asikie kituo ambacho mnara wake pengine anauona kwa macho, na jirani yake mwenye kisimu cha vitufe anakisikia bure. Mteja asiye na jina la kitu hicho hawezi hata kuuliza dukani kama kimo.

Kusinzia

Katika vifaa visivyo na waya vinavyotumia betri, jambo linalowashughulisha wabunifu si pale kipokezi kinapofanya kazi bali pale kisipofanya. Chipu huweza kuamriwa iache kusikiliza, ibaki ikivuta sehemu ndogo sana ya miliampia moja, huku ikingoja amri ya kuamka. Mafundi husema imezima, nayo haikuzima: betri inaendelea kupungua, ingawa polepole mno, na baada ya muda mrefu mteja hurudi akilalamika kuwa redio yala makaa hata ikiwa kabatini. Wengine husema imelala. Aliyelala fofofo, hata hivyo, hasikii akiitwa. Kwa hali hii Kiswahili kina kusinzia, na mwenye kusinzia, kama yule mlinzi wa Changamwe kwenye kiti chake saa tisa za usiku, huamka lango likigongwa.